Sauti Isiyofanana na Kipenga

Karakana ilitengeneza maboya ya watoto wanaojifunza kuogelea, magodoro ya hewa na mito ya shingo ya wasafiri, na hakuna kilichoingia kwenye boksi kabla ya kupita kinywani mwa msichana mmoja. Kazi yake ilikuwa kupuliza, kubana, kutega sikio kama kuna mahali panavuja, kisha kutoa hewa na kukunja. Miaka mitatu ya kazi hiyo ilimpa kifua cha mpiga tarumbeta na jina la Mapafu, jina ambalo hata mama yake mzazi alikuwa ameshalizoea.

Nje ya karakana Mapafu alikuwa na mapenzi mawili, na yote mawili yalikutana uwanjani. Aliipenda timu yao, ambayo msimu ule ilikuwa karibu kushuka daraja. Alimpenda pia kaka yake, beki wa kati mwenye jezi namba tano, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumwachia mtu mpira wala kipande cha mwisho cha mkate.

Shida ilikuwa ukimya. Tangu debe lilipoponyoka juu jukwaani na kumvunja bega mpiga picha mmoja, uongozi wa uwanja ulipiga marufuku kila kitu kigumu. Ngoma, madebe, tarumbeta za plastiki, hata vijiti vya bendera, vyote vilibaki getini. Jukwaa lao likawa kama chumba cha mtihani. Watu walipiga makofi hadi viganja vikawaka moto, na wachezaji hawakusikia kitu.

Ndipo Mapafu alipoanza kuokota mabaki ya plastiki chini ya meza za karakana. Mwenye karakana alimruhusu kutumia mashine ya kuunganishia baada ya saa za kazi, kwa sharti moja tu, asiichafue. Katika wiki sita akapata kitu alichokiita pembe. Ikiwa imekunjwa haikuzidi leso. Ikipulizwa ilifikia urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukipiga mbili moja kwa nyingine zilitoa mshindo. Lakini fahari yake ilikuwa shingoni, ambako alipachika ulimi mwembamba wa plastiki, kiasi kwamba ukiibana pembe kwapani kwa nguvu, hewa ilipita kwenye ulimi huo na pembe ikapiga kelele yenyewe.

Mlinzi wa getini aliibonyeza, akaivuta, akajipiga nayo kichwani mara mbili akitafuta mahali ingeweza kumuumiza mtu. Akakosa.

"Pita nayo," akasema. "Ila umenipotezea kazi, maana leo sina cha kunyang'anya."

Mwenyekiti wa mashabiki aliruhusu pembe ishirini zijaribiwe katika mechi ya siku ile, na akaahidi kwamba zikifaa, mechi ya mwisho ya msimu jukwaa zima litakuwa nazo.

Zilifaa. Kuanzia dakika ya kwanza mashabiki walizigonganisha mpaka jukwaa likanguruma. Walizipiga tu, hawakuzibana, kwa sababu kubana kulitaka nguvu. Kufika dakika ya sabini, timu zikiwa hazijafungana, mikono ilikuwa imechoka na jukwaa limetulia. Mapafu, aliyekaa nyuma tu ya goli la kaka yake, alitumia nafasi hiyo kuijaza pembe yake hewa mpaka ikawa ngumu kama mgongo wa samaki. Mshambuliaji wa wapinzani akachomoka na mpira. Kaka akawa anamfukuza bega kwa bega. Mapafu akaona kabisa kwamba kaka angemfikia, moyo ukamruka, akaibana pembe kwapani kwa nguvu zote alizojaliwa.

Pembe ikalia. *Piii!*

Kaka akasimama. Akainua mkono juu, akageuka kumtazama refa. Mshambuliaji hakugeuka. Akaenda zake peke yake, akafunga, akaanza kucheza.

"Refa, umepiga kipenga!" kaka alipaza sauti. "Umepiga! Nimekisikia!"

Refa akamwonyesha kipenga kikiwa mkononi, mbali na mdomo, akanyoosha kidole katikati ya uwanja. Goli.

Walifungwa moja kwa bila. Kabla ya kutoka uwanjani kaka alikuwa ameshapewa jina jipya, Bwana Masikio, na kesho yake kocha akamwambia apumzike benchi mpaka akili imrudie.

Mapafu alijua. Alijua palepale, kabla mpira haujatulia wavuni. Masikio yake yaliyozoea kutafuta tundu la sindano kwenye boya hayangeweza kukosea sauti aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mwenyekiti alimfuata kwenye ngazi akitabasamu licha ya kufungwa, akamwambia, "Binti, pembe zako zimetupa roho. Mechi ya mwisho nataka mia tatu," na maneno yaliyokuwa yamefika kooni yakarudi yalikotoka.

Siku mbili alimwona kaka yake akila chakula bila kukitazama. Mama yao, ambaye alikuwa dobi na alifanyia kazi sebuleni, alipiga pasi mashati ya wateja akimtazama mwanawe kwa pembeni.

"Nilisikia, Mama," kaka akasema asubuhi ya siku ya tatu, mkono ukiwa na kikombe cha chai. "Sina wazimu."

"Kama ulisikia, ulisikia."

"Mbona hakuna mwingine aliyesikia?"

Mapafu alikuwa mlangoni amebeba mkoba wa kazini. Kisha akapiga moyo konde, akautua mkoba, akatoa pembe na kuipuliza. Kaka alikuwa amempa mgongo. Mapafu akaibana.

*Piii!*

Kikombe kikaganda hewani. Kaka hakugeuka mara moja. Alipogeuka, macho yake yalikuwa kwenye pembe, si kwa dada yake.

"Ndicho hicho," akasema polepole. "Ndicho hicho kipenga."

"Ni mimi, kaka. Nilikuwa nyuma ya goli. Ni mimi niliyekusimamisha."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Siku ileile!" Kaka akakibamiza kikombe mezani, chai ikaruka. "Siku tatu watu wananiita Bwana Masikio, wewe unanimiminia chai, unaniuliza kama sukari imekolea!"

"Msichafue mashati ya watu," mama akasema, akiliondoa moja mbele ya chai. Kaka akaingia chumbani na kufunga mlango, na Mapafu akaona afadhali angemtukana.

Hakwenda kazini asubuhi ile. Alikwenda uwanja wa mazoezi moja kwa moja, akamkuta kocha na mwenyekiti wamesimama kwenye mstari wa kati. Alisema yote kwa pumzi moja, kwa kuwa aliogopa kwamba akipumua katikati angeacha nusu. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaita mabeki watatu, akawaambia wakimbie na mpira kuelekea golini, na akampa Mapafu ishara. Pembe ilipolia, wote watatu wakasimama kama waliokanyaga gundi.

Mwenyekiti akashika kichwa. "Yaani sisi wenyewe tumejifunga! Kwa kelele zetu wenyewe! Binti, vitu hivi haviingii tena uwanjani. Basi. Imekwisha."

"Mwenyekiti, nipe muda niibadilishe sauti."

"Muda? Zimebaki wiki mbili na nusu tushuke au tubaki, wewe unaniomba muda wa kupuliza maputo?"

Mapafu alihisi machozi yakipanda, akayakataa. "Watu mlio nao jukwaani hawana sauti," akasema. "Mliiona timu ilivyocheza walipoisikia. Kilichokosewa ni ulimi wa plastiki mrefu kama kidole changu hiki. Huo ninaweza kuurekebisha."

Kocha ndiye aliyecheka kwanza. "Mwache. Ila nisikilize, wewe Mapafu. Kaka yako anarudi mazoezini leo, ingawa nitamwambia beki hasimami mpaka amwone refa. Na hilo puto lako utalileta siku litakapotoa sauti ambayo hakuna beki wangu hata mmoja atakayesimama kwa ajili yake. Akisimama mmoja tu, ulichome moto."

Kuanzia jioni hiyo Mapafu hakuinua kichwa mezani. Jambo lenyewe lilieleweka: kipenga ni sauti nyembamba na ya juu, kwa hiyo pembe ilitakiwa kuwa na sauti nene na ya chini. Akaipanua shingo kutoka upana wa kidole kimoja hadi viwili. Pembe ikatoa upepo mtupu. Akaurefusha ulimi; ikalia kama tumbo la mtu mwenye njaa, wenzake karakanani wakamuuliza kama amekula. Akaunenepesha ulimi, ikanyamaza kabisa. Akaupunguza kidogo kidogo kwa mkasi, akibana na kusikiliza, akibana na kusikiliza, mpaka siku ya nane, pembe iliponguruma kwa sauti nzito iliyotetemesha vikombe rafuni.

Alicheka peke yake. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akakimbia nyumbani kumwonyesha mama. Akaipuliza sebuleni, akaibana.

Kimya.

Ulimi mrefu ulikuwa umekunjika pamoja na pembe, na penye kunjo plastiki ilikuwa imebonyea na haikutaka kunyooka. Ule mfupi wa zamani haukuwahi kufikia kunjo. Mapafu akaketi sakafuni. Pembe isiyokunjika isingeingia mfukoni, na inayokunjika isingelia. Na ilibaki wiki moja na siku chache tu.

Mama alikuwa anamalizia shati jeupe la mteja. Alilinyoosha mezani, akakunja mikono nyuma, akakunja mbavu, akakunja pindo, mara moja, mara mbili, na kola ikabaki juu, imesimama vilevile ilivyopigwa pasi.

"Mbona umekaa hivyo?"

"Ulimi unavunjika, Mama. Kila nikikunja."

"Unaukunja wa nini?"

"Si lazima nikunje, ili iingie mfukoni?"

Mama akalisukuma shati mbele yake. "Mimi nakunja mashati miaka ishirini na mbili. Umewahi kuniona nakunja kola?"

Mapafu akalitazama shati. Akaitazama pembe. Aliinuka na kulitomasa lile shati hadi mama akampiga kofi mkononi, maana lilikuwa la watu. Siku zote alikuwa anaanzia kukunja shingoni, kwa sababu ndivyo boya linavyokunjwa, ili hewa isukumwe itokee tundu la kupulizia, ambalo kwenye pembe lilikuwa mkiani. Hakuwahi kufikiria kuanza mkiani na kuipandisha pembe yote nyuma ya shingo, shingo ikabaki bapa juu kama kola, hewa ikitokea juu kupitia ulimi badala ya chini. Akajaribu palepale sakafuni. Shingo ilitosha kwenye kiganja. Akaikunjua, akaipuliza, akaibana, na sebule nzima ikanguruma.

Mlango wa chumba ukafunguka. Kaka akachungulia. Tangu asubuhi ile ya chai hakuwa amemwambia dada yake zaidi ya maneno matano kwa siku.

"Nini hicho?"

"Pembe mpya."

Kaka akaisikiliza mara ya pili, uso haukuonyesha lolote. "Nani atakimbia mbele ya kocha?"

"Mabeki wowote atakaowachagua."

"Hao watasema wamesikia hata wasichosikia, wakitaka kunitania. Nitakimbia mimi," akasema, akaufunga mlango.

Siku tatu kabla ya mechi ya mwisho walikusanyika kwenye uwanja wa mazoezi. Kocha alikuwa na kipenga mdomoni. Mapafu alisimama nyuma ya goli na pembe kwapani, mwenyekiti kando yake akiwa amekunja mikono. Kaka alipewa mpira katikati ya uwanja, na mabeki wengine wawili wakawekwa nyuma yake wamfukuze. Sharti lilikuwa moja: kipenga kikilia wasimame, chochote kingine wasisimame.

Kipenga. Wakasimama wote.

Wakaanza upya. Kipenga tena. Wakasimama.

Mara ya tatu kocha alimtazama Mapafu, akainamisha kichwa. Kaka alikuwa anakuja mbio, kichwa chini, mpira miguuni. Mapafu aliona vumbi likiruka kwenye viatu vyake. Kwa nukta moja aliogopa kubana kuliko alivyowahi kuogopa kitu, kwa sababu mara ya mwisho alipobana alimharibia mtu huyuhuyu jina. Kisha akavuta pumzi, akabana.

Pembe ikanguruma mpaka nyavu zikatikisika.

Kaka hakuinua hata kichwa. Nyuma yake mmoja wa mabeki alianguka kwa kicheko, lakini alianguka akiwa anakimbia. Kaka akapita mstari wa boksi, akapita nukta ya penalti, Mapafu akabana tena, na tena, na kila alipobana kaka alizidi kukaza mwendo, mpaka akausindikiza mpira wavuni na mwenyewe akaingia ndani.

"Umesikia nini?" kocha alimuuliza toka mbali.

"Babu!" kaka akajibu, akijinasua kwenye nyavu. "Nimesikia babu anakohoa! Nani asimame kwa ajili ya babu?"

Kocha akatoa kipenga mdomoni, akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akakunjua mikono, akajikuna kidevu, akakikuna tena.

"Hizo mia tatu," akasema hatimaye, "zitakuwa tayari?"

"Mkinipa watu wa kuunganisha na kupuliza," Mapafu akasema. "Mimi kifua ni kimoja."

Akatoa hewa, akaanza kukunja kutoka mkiani, shingo ikabaki juu. Kaka alikuwa amekuja mpaka kwenye mwamba wa goli, jasho linamtiririka. Akanyoosha mkono kupitia kwenye nyavu.

"Lete hiyo," akasema. "Getini nitaipeleka mimi mwenyewe. Wasije wakakuuliza ni ya nani ukaanza kulia."

Mapafu akampa.