Kigeu na Kizigeu

Mume alipohamishiwa kazi mbali, alimwachia mkewe ahadi moja: dada yake, mwalimu wa hesabu, angemfundisha mpaka afanye mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Wifi alikubali mbele ya kaka yake. Kaka alipotoka tu, akakunja uso.

"Kaa hapo. Na usinipotezee muda."

Akaandika kwenye karatasi: 3x − 7 = 11. Akaigonga x kwa kalamu. "Hiki kizigeu." Akaigonga 3. "Hiki kigeu. Rudia."

Mke akarudia. Alirudia akiosha vyombo, akarudia akimgeuza kitandani mama mkwe, ambaye kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande mmoja.

Siku ya kwanza ya masomo ya maandalizi ya mtihani pale chuoni, alinyoosha mkono bila woga. Akaenda ubaoni, akaandika 3x − 7 = 11, akaiita x kizigeu na 3 kigeu. Darasa likaangua kicheko.

"Umevibadilisha, dada," mwalimu akasema. "Herufi ndiyo kigeu, maana thamani yake inaweza kugeuka. Hiyo tatu inayoizidisha ndiyo kizigeu. Nani kakufundisha hivi?"

Akafuta ubao, akaketi. Alirudi nyumbani kwa miguu, masikio yakiwaka moto.

Wifi alikuwa jikoni akimenya vitunguu.

"Ile x inaitwaje?"

"Si nilishakwambia?"

"Niambie tena. Mama naye asikie."

Wifi akaweka kisu chini. "Umeshakuwa msomi, eti? Haya, nilikudanganya. Nilitaka uaibike, uache. Ukienda chuo nani atamwogesha mama? Mimi?"

"Ni mama yako."

"Na wewe umeolewa hapa!"

"Nimeolewa na kaka yako. Wewe hukuniajiri."

Chumbani mama mkwe aliguna, neno lisieleweke. Wakatazamana, hakuna aliyesogea. Mwishowe mke akamimina maji ya moto kwenye beseni, akayapoza, akaliweka miguuni pa wifi.

"Taratibu kwenye bega la kushoto. Linamuuma."

Wifi alilibeba akitukana njia nzima mpaka chumbani. Mke akakaa mezani, akaiandika upya 3x − 7 = 11, na chini ya kila kipande jina lake sahihi: kizigeu, kigeu, namba isiyobadilika, alama ya usawa. Safari hii hakukosea.

Mtihani aliufaulu. Wifi alizipata habari kwa jirani, na hata salamu hakumpa mke wa kaka yake.