Kisu cha Shangazi Kokugonza

Cleophace wa Songambele alikuwa na binti mmoja tu, Placidia, na maisha ya binti huyo alikwisha kuyapanga kama mtu anavyopanga mistari ya mibuni. Atasoma sheria, basi. Mzee alikuwa amevutana na majirani juu ya mipaka ya shamba kwa miaka kumi na miwili, na alitaka mwanasheria wa damu yake mwenyewe. Sasa matokeo ya kidato cha sita yametoka, msichana amefaulu vizuri, dirisha la maombi ya chuo linafungwa kesho, na ndipo anamwambia baba yake kwamba chaguo la kwanza ni saikolojia!

"Saikolojia ndiyo nini?"

"Ni elimu ya nafsi, Baba. Jinsi watu wanavyowaza na wanavyoumia, na namna ya kuwasaidia."

"Vichaa," alisema Cleophace. "Nimehangaika na kahawa miaka yote ili wewe ukasomee vichaa."

Placidia hakubisha. Hilo ndilo lililomkera mzee zaidi, maana mtu asiyebisha utamshindaje? Basi akafanya ambalo mwanamume yeyote wa kwao angelifanya binti akiwa mgumu: akamkimbilia dada yake. Neno la shangazi kwa binti wa kaka yake si la kupita sikio hili na kutokea lile. Akamwita Nolasco wa bodaboda, wakapanda mshikaki, baba katikati na binti nyuma, wakashika njia ya Mabira. Njia nzima Cleophace alikuwa akitabasamu peke yake. Alijua amekwisha kushinda.

Dada yake huyo, Kokugonza, alikuwa mjane wa miezi minne. Mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: kumenya ndizi haraka kuliko mwanamke yeyote, na usahaulifu. Kwenye misiba ya huku kila mama huja na kisu chake cha kumenyea ndizi, na matanga yakianuliwa kila mmoja huondoka na chake. Kokugonza alikuwa akikiacha chake. Wiki haijaisha utamsikia mlangoni pa wafiwa: "Hodi waitu, ndugu zangu, nimesahau kisu changu." Anakaribishwa, anakaa, anamenya ndizi na wenyeji mpaka jioni, anaaga, na kisu kinabaki tena. Watu walimcheka, wakasema iko siku atasahau kichwa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Cleophace, ndugu yake wa tumbo moja.

Walimkuta jikoni, mkungu mbele yake, kisu mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Akawaletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo ada. Cleophace alivua kofia, akatia mbili mdomoni na kuanza mashtaka kabla hajazitafuna. Alisema habari za mipaka, za sheria, za mtoto asiyejua wazee wake wamepita wapi. Alisema vizuri sana, kwa kweli, hata Nolasco aliyekuwa nje kwenye pikipiki yake akatikisa kichwa kukubali. Kokugonza alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya.

"Umemuuliza kwa nini anaitaka hiyo saikolojia?" alisema hatimaye.

Cleophace akatema maganda ya kahawa kiganjani. Hakuwa amemuuliza.

"Haya, mama, sema," Kokugonza alimwambia Placidia.

Msichana aliinamisha uso. "Ni kwa sababu ya kisu chako, Shangazi."

Cleophace aliangua kicheko. "Kisu! Huyu shangazi yako ni msahaulifu tangu utoto!"

"Si kweli, Baba. Harusini hakisahau. Jikoni parokiani hakisahau, tena siku moja alirudi na viwili. Anakisahau msibani tu, na si kila msiba. Baba yake mzee Melkiory alipofariki na miaka yake tisini, Shangazi aliondoka na kisu chake siku ileile ya kuanua matanga. Lakini mama Verdiana alipofiwa na mtoto na asitoe chozi, kisu kilikaa kwake miezi miwili. Na kwetu, Mama alipofariki, alikifuata mara tisa. Nilihesabu."

Kicheko kilimkauka Cleophace mdomoni. Alimtazama dada yake, na dada yake alikuwa akitazama ndizi.

Miaka sita ilikuwa imepita tangu amzike Eugenia, mke wake. Wiki ya tatu baada ya matanga, mvua ikinyesha mchana kutwa, Placidia akiwa shule, Cleophace alijifungia chumbani. Alilolikusudia siku ile hajamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Ndipo hodi ikapigwa. Alifungua mlango kwa hasira akamkuta Kokugonza amelowa chapachapa, amekuja kwa miguu kutoka Mabira, eti amefuata kisu kilichokwisha kulika makali. Na hakukichukua akaondoka. Alimkalisha jikoni, yeye mwanamume mzima, akampa ndizi amenye, akamcheka jinsi anavyozikatakata, mpaka giza likaingia na mtoto akarudi. Miaka sita Cleophace alikuwa akiisimulia safari ile kama kichekesho cha mwanamke msahaulifu.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "siku ile ya mvua, ulijua?"

"Nilijua nini? Nilifuata kisu," alisema Kokugonza. Lakini mikono yake ilikuwa imesimama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilimuuliza Shangazi anajuaje nyumba ya kukiacha," alisema Placidia. "Akaniambia hajui, mikono ndiyo inayojua. Mimi nataka kujifunza hicho mikono yake inachokijua, Baba. Shangazi ana kisu kimoja tu, na misiba ni mingi."

Cleophace aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye migomba ya marehemu shemeji yake akijifanya anakagua majani. Alilia. Alimwonea fahari dada yake mpaka kifua kikamuuma, akajionea haya kwa vicheko vyote vile. Huyu mwanamke hakuvuka hata darasa la nne, na alikuwa amemrudisha duniani bila kumwuliza swali hata moja.

Aliporudi kuaga, aliona sweta la bluu limetundikwa kwenye msumari wa mlango.

"Placidia, sweta lako."

"Nitalifuata Jumapili, Baba."

Ndipo akakumbuka. Sweta hilo lilibaki hapa tangu matanga ya Rwegasira, mume wa Kokugonza. Kila Jumapili baada ya misa Placidia huja Mabira kulifuata, na kila Jumapili hurudi bila sweta, naye baba humgombeza kwamba amerithi usahaulifu wa shangazi yake. Mganga hajigangi, na katika kijiji kizima, ambacho Kokugonza alikuwa amekilinda nyumba kwa nyumba, hakuna mtu mzima aliyewahi kuuliza nani ataacha kisu kwake yeye mjane. Aliyeuliza ni huyu mtoto.

Wakapanda pikipiki kama walivyokuja.

"Kesho asubuhi tunakwenda Nkwenda kwenye kompyuta," alisema Cleophace bila kugeuka. "Andika hiyo saikolojia yako, namba moja."

Placidia alimkumbatia kwa nyuma, akaegemeza kichwa mgongoni kwake kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Na mipaka, Baba?"

"Mipaka haijawahi kutembea. Itanisubiri."

Nolasco alikuwa hajawasha. Alikuwa amegeuka akimtazama mzee kichwani. "Mzee, umesahau kofia yako ndani!"

"Najua," alisema Cleophace. "Washa, twende."