Viwavi Ndani ya Kopo

...na kifuniko hiki kinanishinda kwa sababu sitaki kifunguke, huo ndio ukweli, mkono uko juu ya kopo hauendi mbele wala nyuma, ndani mna udongo wa tuta la kabichi na viwavi niliowafukia humo wiki iliyopita, wale wanaokata miche chini kwa chini, wakiwa wamegeuka wekundu kama tofali basi minyoo wa mume wangu, wale wa kuua viwavi, wamo bado ardhini, wakiwa weusi na kunuka basi wamekwisha, na yeye atakuwa amenifia mara ya pili... "Wifi, chai inapoa!" anaita kutoka jikoni, dada wa marehemu, mtu wa kuosha kila kitu, akiona chombo kimetulia tu anakiosha, ndiye aliyeikuta ile sifongo kwenye friji, akasema jamani huzuni imemzidi wifi yangu, sifongo anaiweka pamoja na maziwa, akaikamua, akaitia sabuni, akasugulia masufuria mpaka yakang'aa, na minyoo wote waliohifadhiwa humo, wadogo hata jicho haliwaoni, wakaenda na maji machafu, minyoo wa udongo wetu wenyewe, si wa kununua, mume wangu aliwasaka tuta kwa tuta, magoti yote matope, halafu anakuja kunipigia kelele za furaha mlangoni, kopo mkononi, nami naziba pua, toa uchafu wako mezani kwangu, uchafu gani, anacheka, hawa ni vibarua wangu, kabichi hawagusi, wanamwingia kiwavi na kummalizia huko huko ndani, mshahara hawadai, ruhusa ya kwenda msibani hawaombi... na kweli, msibani kwake hawakuja, loo, nacheka peke yangu kama mwehu, "Unaongea na nani huko?" "Hakuna, wifi," nikamjibu hivyo, tangu siku ya sifongo namjibu kwa neno moja moja, nilimwambia haidhuru na moyoni nikamnunia mpaka leo, sasa nimebaki na tuta hili tu, alilinyunyizia minyoo yeye mwenyewe kabla hajalala kitandani moja kwa moja, jioni, jua likishazama, maana jua linawaua, nami nilimshikia ndoo huku nimegeuza uso, mbona sikumtazama... ngoja kwanza, hebu ninuse, nimeinama mpaka pua inagusa bati, hapa ukingoni ambapo kifuniko hakibani, udongo tu, udongo mbichi, hakuna uvundo hata kidogo, na viwavi wa kuoza wangeshanikimbiza chumbani, basi minyoo wamo, wako hai, wamefanya kazi bila yeye, furaha inanipanda mpaka kooni, mdomo umefunguka wenyewe nimwite... nimwite nani, nyumba hii yote, kumbe asubuhi nzima nilikuwa naogopa hili, habari njema isiyo na mwenyewe, kufa kwao ningekubali, nimeshazoea, lakini wazima, nitamwambia nani, ni nani anajua maana yake, na kule jikoni maji yanamwagika tena, masufuria yale yale aliyoyaosha jana, anayaosha tena, alikuwa kaka yake, jamani, kaka yake wa pekee, na mimi namnunia kwa sifongo, "Wifi, nikupashie nyingine?" sauti yake imekwama kidogo, sijui ni mafua, na mimi hapa, mkono juu ya kifuniko, nataka kumwambia njoo, neno lenyewe dogo tu, na halitoki...