Mlango wa Mzee Ndeti

Mwaka wa 1986, huko karibu na Kibwezi, Mzee Ndeti alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, tena mzee wa kanisa, na shamba lake ndilo lililokuwa la kwanza kupata maji. Hata hivyo aliona wenzake wa chini wanapata mengi mno. Akamwita fundi aubane mfereji kwa mawe na saruji pale shamba lake linapoishia, mpaka ukabaki mlango wa futi moja badala ya tatu.

Jonah Kahiga, ofisa wa maji aliyetoka Murang'a, alikuja kuutazama.

"Mzee, hapa hupunguzi maji. Yatainuka huku nyuma, kwako, mpaka yapate nguvu ya kupita yote."

"Wewe umesomea maji darasani," Ndeti akamjibu kwa upole. "Mimi nimeishi bila maji miaka hamsini."

Alhamisi maji yalipofunguliwa, Ndeti aliwaita watu washuhudie. Kweli, yakitoka mlangoni yalitandaa membamba, hayafiki kifundo cha mguu.

"Mnaona yalivyopungua?" akauliza.

Kaluki, mjane mwenye shamba la mwisho kabisa, alitupa gunzi la mahindi majini. Kabla hajanyooka mgongo, gunzi lilikuwa limeshatoweka.

"Hayajapungua, mama," Kahiga akamwambia. "Yanakimbia. Kina kilichopotea kimekuwa mwendo. Nenda ukaangalie kwako."

Kaluki akaenda, akakuta maji yake ni yaleyale ya siku zote.

Huku nyuma ya mlango, maji yalikuwa yamepanda mpaka ukingoni. Ndeti alifurahi kuyaona mengi hivyo upande wake, akapanga magunia ya udongo ili yasimtoroke. Jumapili, akiwa kanisani anawaongoza waumini kuomba mvua, magunia yaliachia. Alirudi akakuta maharagwe yake yote yamelala chini ya maji, na kuku wamepanda juu ya paa la jiko.

Alikaa kwenye kigoda, viatu vya kanisani vikiloa.

Jumanne aliitisha mkutano. Alisema amewaza sana juu ya ndugu zetu wa chini, na moyo wake haukubali wabanwe. Mlango ubomolewe leo hii. Watu walipiga makofi. Katibu akaandika kwamba mwenyekiti ameonyesha upendo, kisha akamwomba Kaluki atoe shukrani kwa niaba ya walionufaika.

Kaluki alisimama, akashukuru vizuri sana.