Upana wa Shamba la Abbo

Wewe ukiambiwa mashamba mawili yalingane, utapima nini?

Shemeji yangu Ofwono, ndugu wa marehemu mume wangu, alipima mzunguko. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imeng'oa miti yote ya mpaka huku kwetu Paya, na upana wa shamba langu hakuna aliyeukumbuka. Lililobaki ni neno la baba mkwe tu, kwamba wanawe wawili wapate sawa. Basi ukoo ukaja na kamba ya katani, mpya, ya soko la Busia.

Shamba la Ofwono likatoka urefu kamba sita, upana nne. Langu linateremka hadi bondeni, urefu kamba nane.

"Sita na nne ni kumi," Ofwono akasema. "Lako nane, ongeza mbili, kumi. Upana wako kamba mbili, shemeji Abbo. Tumemaliza."

Herbert, mkubwa wa ukoo, akaitikia. Kwetu mpaka hutembelewa kwa kuzunguka shamba, kwa hiyo hata mimi niliona ni haki. Lakini kamba ya pili iliishia karibu na kaburi la mume wangu Ochwo, kabla ya kulifikia. Kaburi lenyewe, na simenti niliyoilainisha kwa viganja vyangu, likabaki upande wa Ofwono, kwenye ukanda ambao hakuna aliyeupima. Naye tayari anachimba shimo la mti wa mpaka.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Jua linapanda, na wewe hata chai hujatupa."

Nikaleta mahindi kwenye ungo. "Kila punje ni kipande cha shamba, kamba moja urefu, kamba moja upana," nikasema. Nikapanga mistari minne ya punje sita. Kando yake, mistari miwili ya punje nane.

"Hesabu, Herbert."

Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. "Lake ishirini na nne. Lako kumi na sita." Akarudia tena.

Nikaongeza mstari wa tatu. Ishirini na nne.

Kuku akaja kudonoa, Herbert akamfukuza kwa kofia. "Kamba tatu," akasema. "Kaburi liko kwa Abbo."

Ofwono hakuliweka jembe chini. Hasira zake nazijua, nikarudi nyuma kidogo. Yeye aliikazia macho ile simenti.

"Ulitaka kulima juu ya ndugu yako?" nikamuuliza.

"Kulima?" Sasa akaliweka jembe chini. "Shemeji, mimi nilitaka nikifa nilazwe kando yake."