Tango la Kutazamia

Siku ya kumchagua mpishi mkuu mpya, Wembe alifika jikoni kabla ya wenzake, akanoa kisu kwenye kitako cha kikombe na kujaribu makali yake kwenye nyanya. Kisu kilizama bila kusukumwa. Alijawa na furaha hata akashindwa kuificha. Mkahawani hapo alikuwa ameanza kwa kumenya viazi. Sasa mpishi mkuu amestaafu, na mchana sahani mbili za saladi zingeshindana: yake, na ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka chakula mezani na kukisifu njiani.

Shemeji alijaliwa mdomo mtamu. Kisu kilikuwa habari nyingine. Karoti zake zilitoka kama kuni.

"Shemeji," alisema, akisogeza bakuli lake, "nikatie na mboga zangu basi. Si unaujua mkono wangu?"

"Leo? Si tunashindana?"

"Tunashindana, lakini si sisi ni ndugu?"

Wembe akacheka. Kwao shemeji hanyimwi kitu, hata akiomba jino la mbele. Akalivuta bakuli.

Alikunja vidole vya mkono wa kushoto, kucha zikiwa ndani, vifundo vikigusa ubapa wa kisu. Ncha haikubanduka ubaoni. Kisu kilikwenda na kurudi, tki tki tki, vidole vikikipisha kidogo kidogo. Alikuwa na kawaida ya kukata vyembamba zaidi kila anapofurahi, na siku hiyo furaha ilizidi kipimo. Tango la kwanza lilitoa vipande vya kusomea gazeti. La pili lilitoa vipande vyenye upande mmoja tu. Muosha vyombo alijaribu kukigeuza kimoja, akashindwa, akakiweka jichoni na kutazama sakafu.

"Naona mikono inasugua," alisema.

"Ya nani?"

"Yangu. Sakafu hii niliisugua jana."

Akatazama mkate, akaona mikono ya mwokaji. Akakila kile kipande, akarudi kwenye sufuria zake.

Mchana mwenye mkahawa aliketi na wageni wake waalikwa. Shemeji akaleta sahani zote mbili, akizisifu kwa zamu. Mwenye mkahawa aliinua kipande cha tango, akakiweka jichoni. Kwenye sahani ya Wembe aliona mikono ya Wembe, yenye kovu la moto kwenye kidole gumba. Kwenye sahani ya shemeji aliona kovu lile lile.

"Zote mbili ni za Wembe," alisema.

"Ndiyo, bosi," akajibu shemeji, na wala hakuona haya.

Wageni wakagombea vipande. Mmoja alitazama hotuba aliyokuwa ameisoma asubuhi, akaona mikono ya karani wake, akacheka hadi akapaliwa. Mwingine alitazama viatu vyake, akaona vidole vya mtoto vikivuta uzi, akasema ndiyo maana mshono ni mdogo namna ile. Meza zilichangamka. Kila mtu alitaka kipande kingine, na jirani yake pia, na wapita njia wakaanza kuingia. Pale kwenye mlango wa jikoni, Wembe alisimama akitazama. Alijua ameshinda.

Mwenye mkahawa akamwita.

"Mikono kama hii sijapata kuiona. Kuanzia leo kila meza ipewe tango la kutazamia."

"Asante, bosi."

"Sasa nikikuvisha kofia ya mpishi mkuu, nani atakata?"

"Nitakata mimi, na kofia nimevaa."

"Itakuangukia machoni," alisema kwa upole, kama anayemwepusha na balaa.

Kofia nyeupe akapewa shemeji. Wageni wakapiga makofi kwa dhati, maana walikuwa wamefurahi kweli. Kofia ilikuwa pana, na shemeji akainama mbele ya Wembe.

"Shemeji, niwekee vizuri. Na aproni, nifungie huku nyuma."

Akamwekea, akamfungia.

Mgeni mmoja aliweka kipande jichoni, akamtazama mpishi mkuu mpya toka kofia hadi aproni. Hakuona ila mikono ya Wembe.

"Zimemkaa vizuri," alisema, akaagiza tango jingine.