Siku ya Kuhesabu Miguu

Syokau hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukifuta meza ambayo tayari ilikuwa imefutwa. Kazi yake ilikuwa kusafisha ofisi za ghorofa moja pale Hurlingham. Kila alipopata nusu siku ya mapumziko alishika njia mpaka tauni, katikati ya jiji, kwenye ofisi za mradi wa barabara, kuuliza habari za daraja. Bawabu alimjua kwa jina. Makarani walimwona akitokea kwenye korido, wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba walitaka kwenda chooni.

Daraja lenyewe lilikuwa nguzo mbili za stima, zimelazwa juu ya mto Kirichwa, mbao zimepigiliwa juu yake, na waya wa kushikia upande mmoja. Huko ndiko watu wa Kawangware walikovukia kwenda kuamsha Kileleshwa, mtaa wa matajiri. Kulikuwa na daraja la zege hapo, mafuriko ya mwaka wa elfu mbili ishirini na nne yakalibeba. Kabla ya hilo kulikuwa na la mbao, likaenda na mvua ya El Nino. Syokau aliyakumbuka yote mawili. Alikumbuka pia nani alikuja kuahidi nini, na alikuwa amevaa nini.

"Yule mheshimiwa wa pili alikuja na gambuti mpya, lebo bado inaning'inia," alikuwa akisema. "Akaingia kwa tope hatua mbili, akapigwa picha, akarudi kwa gari."

Siku hizi jiji limejaa maneno ya mabasi ya stima na magari yasiyotoa moshi. Vizuri. Syokau hakuwa na ugomvi na basi. Lakini kabla ya basi lisilotoa moshi kulikuwa na mguu, nao haujatoa moshi tangu uumbwe, na hakuna aliyeuwekea hata taa. Yaya, mfua nguo, fundi wa mjengo, mama wa mandazi, wote walitembea. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na hata aliyezoea kupanda gari hushuka akatembea. Kwa hivyo siku ambayo daraja lilikuwa hatari zaidi ndiyo siku ambayo lilibeba watu wengi zaidi. Hilo hakuna mkubwa aliyewahi kuliona, kwa sababu siku hiyo mkubwa huwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Msimu wa mvua uliopita, Nasimiyu, aliyetembea naye bega kwa bega kwa miaka mingi, aliteleza pale kati. Mguu ukavunjika mahali pawili. Kazi yake akapewa mwingine kabla plasta haijakauka. Tangu hapo Syokau hakulala usingizi wa kushiba.

Katika ofisi ile ya tauni ni mtu mmoja tu ambaye hakukimbilia chooni: msichana wa Kisingasinga aitwaye Simran, injinia, mzaliwa wa Ngara, ambaye mradi ulikuwa umemkabidhi kazi ya kuhesabu wanaotembea.

"Mama, nikuambie ukweli," Simran alimwambia. "Kuna pesa ya daraja moja tu imebaki. Daraja la juu, la chuma, mafuriko yapite chini. Ni lenu, ama la kule kwa majumba mapya. Mahali watu wengi wanapita, hapo ndipo linaenda."

"Wengi? Kuja uone. Utaumwa na kidole kwa kuhesabu."

"Nitakuja Jumanne. Lakini usiambie mtu. Mkubwa wangu akisikia watu wameitwa, hesabu yote anaitupa."

Hilo Syokau hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hesabu ya kwanza alikuwa ameitangaza mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mheshimiwa mmoja akasikia, akamwaga lori zima la vijana waliovaa fulana zenye uso wake, wakapita juu ya daraja wakiimba, wakazunguka, wakapita tena. Wakubwa walicheka, wakatupa karatasi.

"Huu mdomo nimeushona," akasema.

*

Jumanne kulikucha na manyunyu. Kule juu upande wa Dagoretti ilikuwa imenyesha vizuri, maana maji ya Kirichwa yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yakienda kwa haraka. Syokau alijificha nyuma ya kibanda cha mahindi upande wa Kawangware. Simran na wenzake wawili walikuwa wamesimama mwanzo wa daraja, kila mmoja na kidude chake cha chuma cha kubonyeza, mtu mmoja mbonyezo mmoja. Walivaa makoti ya manjano yanayong'aa, kama kanuni za kazi zinavyotaka.

Syokau aliwatazama akaona daraja la chuma. Kitheka aliwatazama kutoka ng'ambo akaona kanjo.

Kitheka alikuwa soja, mlinzi wa usiku kwenye jumba moja la Kileleshwa, na kila asubuhi ndiye wa kwanza kuvuka kurudi nyumbani. Alipoona yale makoti, rangi ile ile ya kanjo, hakuuliza. Kanjo, askari wa jiji, walikuwa na tabia ya kujibanza hapo hapo darajani, wakangoja akina mama wa mandazi na mayai ya kuchemsha, wakawapokonya ndoo na kuwapakia kwenye gari. Dawa yao ilijulikana: kando ya njia lilipita bomba la maji la chuma, na aliyewaona kwanza aliligonga mara tatu, wote wakashuka kuvukia chini. Dawa hiyo aliitunga Syokau mwenyewe, na aliijivunia kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Kitheka akachomoa rungu.

Bomba likalia. Likalia hadi bondeni, hadi mabanda ya kwanza ya Kawangware. Njia iliyokuwa imeanza kujaa vichwa na miavuli ikapukutika, watu wakatoka kushoto na kulia kama waliomwagwa, pakabaki tope tupu na alama za viatu.

Simran aligeuka huku na huku. "Hiyo ilikuwa nini?"

Mzee mmoja asiyesikia vizuri akapita na baiskeli yake, akawasalimu. Vidude vitatu vikabonyezwa kwa pamoja.

Syokau akatoka nyuma ya kibanda. "Mwanangu, wanadhani nyinyi ni kanjo."

"Sisi? Kanjo?"

"Si mmevaa koti ya manjano! Ningejua ningewaambia mje na nguo za kanisa!" Akakimbia kabla hajajibiwa.

*

Kivuko cha chini si kivuko. Ni bomba la majitaka lililofunikwa zege, upana wa nyayo mbili, na siku kavu mtu hupita juu yake akisoma simu. Siku hiyo maji yalikuwa yanapita juu ya zege, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Watu walikuwa wamevua viatu, wanaingia mmoja mmoja.

"Rudini!" Syokau alipiga kelele. "Rudini juu! Si kanjo! Ni watu wa daraja, wamekuja kutuhesabu!"

Fundi mmoja wa mjengo, mwiko umetokeza mfukoni, alicheka. "Mathe, kwani wamekununua kwa bei gani?"

"Kanjo pia husema si kanjo," mwingine akadakia, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Kamene alikuwa katikati ya foleni hiyo. Alikuwa yaya katika ghorofa moja ya Kileleshwa, binti mpole, na Syokau ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Hakucheka.

"Mama, si wewe ulitufundisha? Ukiona koti, usiulize, shuka."

"Leo ni tofauti, Kamene. Tusipoonekana pale juu, daraja linaenda kwa wengine."

"Na nikirudi juu nitachelewa. Madam amesema nikichelewa tena nisikanyage kwake. Utaniandika wewe?"

Kutoka ng'ambo sauti ikapaa, imejaa furaha:

"Syokau! Nimewaona mimi kwanza! Hakuna hata mmoja ameshikwa!"

"Kitheka, Mungu akusamehe," akamjibu. "Mimi bado."

Akapanda tena mbio, akamkuta Simran amesimama palepale.

"Teremka uhesabu kule."

"Mama, siwezi. Nimepewa daraja. Nikihesabu mahali pengine, hiyo ni hesabu ya mahali pengine."

"Watu ni wale wale! Miguu ni ile ile! Kule wanavukia kwa mavi ya matajiri, na wewe unalinda mbao tupu!"

Simran alitazama mbao. Akawaambia wenzake wabaki, akashuka.

Hakuna aliyefikiria lile koti. Lilipotokeza tu kwenye kichaka, mtu akapiga mayowe, "Wamekuja na huku!" na foleni ikasukumana kuingia majini yote kwa mara moja. Ndoo ya mandazi ikapinduka. Mwenye ndoo akaitupia mkono, akateleza, na yule fundi wa mwiko akamdaka kwa kola ya sweta maji yakiwa yamemfika kiunoni.

"Vua!" Syokau alinguruma. "Vua hiyo koti!"

Simran alilivua, akalisokota, akalikalia juu ya jiwe. Pumzi zikarudi. Mandazi yakaenda zake kuelekea Hurlingham. Maji sasa yalikuwa yamefika kwenye muundi.

Syokau akaingia mpaka pale zege linapokata kona, akatoa mkono, akaanza kuwapitisha. Nyuma yake alisikia kidude kikibonyezwa. Tik. Tik. Tik. Katika maisha yake hakuwahi kusikia muziki mtamu namna hiyo. Kila aliyepita alikuwa ubao mmoja, msumari mmoja, nguzo moja ya daraja la chuma.

Kisha ikafika zamu ya Kamene, na Kamene akasimama.

"Siwezi, mama. Hapo kati hakuna wa kunishika. Nasimiyu alikuwa na waya, na bado alianguka."

Nyuma yake watu walikuwa wengi bado, na maji hayakuwa yanangoja. Alihitajika mtu wa pili, pale kati. Kitheka alikuwa ng'ambo akiwapokea wengine. Syokau aligeuka akamwona Simran, kidole juu ya kidude, macho kwa macho naye, na wote wawili walijua kwamba mkono unaoshika mtu haubonyezi kitu.

Aliwaza tauni. Aliwaza korido, gambuti na lebo yake, miaka yote ile ya kuambiwa aje kesho. Neno "hesabu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Weka mfukoni," akasema. "Kuja hapa ushike."

Simran aliingia na viatu vyake. Wakawapitisha, mkono kwa mkono, yaya kwa fundi, fundi kwa mama, na hakuna aliyehesabu.

*

Wa mwisho alipokwisha kuvuka, simu ya Simran ililia. Mkubwa wake. Alikuwa akisikika hata kwa waliosimama mbali.

"Hapo daraja wamepita wangapi?"

"Mmoja, sir. Wengine—"

"Mmoja? Basi tumemaliza. Hiyo pesa iende kule kwingine."

Syokau aliichukua simu bila kuomba, kwa mkono uliolowa.

"Mkubwa, habari ya asubuhi. Watu wako kwa maji. Kuja ujionee mwenyewe."

"Wewe ni nani? Siwezi kuja, mama. Niko Kinoo tangu alfajiri, barabara imejaa maji, gari haziendi mbele wala nyuma."

"Basi shuka utembee."

Akajibu kwa sauti ya mtu aliyeudhika: "Ni mbali."

"Tunajua," Syokau akasema.

Honi zikalia nyuma yake. "Nipe injinia." Simran akasikiliza, akaitikia mara mbili, akakata.

"Amesema kesho. Siku moja tu. Bila makoti. Na hesabu ni pale darajani, si penginepo."

Ng'ambo, Kamene alikuwa anapanda mlima mbio, viatu bado mkononi, bila kugeuka. Syokau mwenyewe alikuwa amechelewa. Hurlingham walikuwa wameshaanza kumpigia. Hakupokea. Alipanda hadi darajani, Simran nyuma yake na koti kwapani, akachuchumaa. Maji yalikuwa yamefika kwenye tumbo la nguzo, yanazilamba, na moja ilikuwa inacheza kidogo mahali ilipolala kwenye ukingo.

"Kesho hizi zitakuwa hapa?" akauliza.

Simran akaigusa ile inayocheza. Wenzake wawili walitazamana.

Syokau hakungoja. Alikuwa ameshasimama, anamwita yule fundi wa mwiko arudi, anamfokea Kitheka atafute waya popote upatikanapo, na kwa mkono mmoja alikuwa amelinyakua lile koti la manjano, akalichana katikati kwa meno, akaanza kuifunga nguzo.